Gari la kale kutoka Boito: niliyojifunza nikinunua Peugeot 504 na kuiteremsha Mombasa

Wiki haipiti ila watu watatu wanne wananisimamisha njiani kuniuliza habari za gari langu. Mmoja ataka kujua nimeinunua wapi, mwingine aniuliza spea napata vipi, na wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mzee, hunisimulia kwamba alizaliwa, au aliolewa, au alipelekwa hospitali ndani ya Peugeot kama hii. Nimeona heri niandike mara moja, hasa kwa vijana wetu wa pwani walioanza kuyatamani magari ya kale. Mimi si fundi. Ni mgeni wa mambo haya aliyefanya makosa kadhaa ya bei ghali, na lengo langu ni kwamba wewe usiyalipie mara ya pili.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 salooni. Nililipata Boito, kule kwenye chai ya Konoin, kaunti ya Bomet, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sasa linalala Mombasa, hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Karibu kila tatizo nililolipata baadaye lilitokana na tofauti ya sehemu hizo mbili. Gari la milimani likishuka pwani hubadilishiwa hewa, joto na adui wa bati. Asiyelijua hilo atailaumu injini bure.

Kwa nini Boito

Nafanya kazi katika ghala la chai hapa Mombasa. Chai ya Kericho na Bomet hushuka kwetu kwa malori, kwa kuwa mnada wake uko hapa mjini. Dereva mmoja wa malori hayo alijua ugonjwa wangu. Siku moja akanionyesha picha kwenye simu: Peugeot nyeupe chini ya banda la mabati, kuku wamepanda juu ya boneti, nyuma yake chai kijani hadi upeo wa macho. "Ya mwalimu mkuu mmoja, marehemu," akaniambia. "Mama aitunza tu."

Msomaji atauliza kwa nini nisitafute karibu. Kwanza, gari la kale huwezi kuliagiza tu kama uagizavyo Toyota ya Japani. Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo tunagombania yale yaliyokwishakuwa nchini, na idadi yake haiongezeki. Pili, magari mengi ya umri huo yaliyobaki pwani yameliwa na chumvi. Kule juu mvua ni nyingi na matope ni mengi, lakini chumvi ya bahari hakuna. Bati la miaka 40 linaweza kuwa bado ni bati.

Nilikuwa na sababu ya tatu, ya moyo zaidi. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikatajwa gari bora la mwaka 1969 huko Ulaya, na zikatengenezwa zaidi ya milioni 3. Lakini kwetu sisi ilikuwa gari la nyumbani. Peugeot 504 za Kenya ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilichoko Miritini. Zile za stesheni wagoni zikabeba abiria wa safari ndefu kila pembe ya nchi, hata neno "Peugeot" likawa na maana ya usafiri wenyewe. Katika mbio za Safari, ndugu yake mkubwa, 404, alishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Halafu 504 ikashinda 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson, na tena 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Nilipoiona ile picha nilijiambia: hii imetoka kwetu, na irudi kwetu.

Hapo ndipo mnunuzi mgeni hupotea. Moyo ukishanunua, macho hayaoni tena.

Karatasi kabla ya funguo

Nilipanda Boito nikiwa na shilingi 190,000 kwenye begi. Mama alinipokea kwa "Chamgei", nami nikajibu "Chamgei mising" kama dereva alivyonifundisha, wakacheka wote. Nikaletewa chai ya maziwa, kisha mursik. Gari tukalitazama baadaye, baada ya mayai mawili kutolewa kwenye kiti cha nyuma. Vijana wake wawili walikuwa tayari tuandikiane siku hiyo hiyo. Walikuwa na logibuku, wana funguo, na walihitaji fedha.

Aliyesimama njiani ni binti yake mkubwa. Aliichukua logibuku, akaweka kidole penye jina la mwenye gari, akaniuliza: "Kaka, huyu ndiye anayekuuzia?" Jina lilikuwa la baba yao, aliyefariki miaka mingi iliyopita, na familia haikuwahi kwenda mahakamani kwa ajili ya mali yake.

Nilikasirika kidogo moyoni. Leo namshukuru. Sheria ya mirathi ya Kenya, sura ya 160, haimruhusu mtu kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi. Ukiuza au ukichukua, umeingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai. Mtoto asiyekuwapo siku ile anaweza kuja miaka mitatu baadaye, gari likiwa tayari limeng'aa, akadai haki yake, nawe huna pa kusimama. Na hata asipokuja mtu, huwezi kulihamishia jina lako, kwa kuwa mwenye kulihamisha hayupo duniani.

Kwetu pwani familia nyingi za Kiislamu zingelipeleka jambo hili kwa Kadhi. Wao walikwenda mahakama ya hakimu. Mpangilio ni huu: barua ya chifu inayotaja warithi wote, cheti cha kifo, maombi mahakamani, kisha tangazo katika Gazeti la Serikali, ambapo mwenye pingamizi hupewa siku 30. Isipokuwapo pingamizi, mahakama hutoa hati ya usimamizi. Baada ya hapo, kwa kawaida, husubiriwa miezi 6 kabla hati haijathibitishwa na mali kugawanywa, ila mahakama ikikubali kufupisha muda. Hesabu karibu mwaka mzima.

Nikarudi Mombasa na begi langu la fedha. Niliwaachia turubai la kufunika gari na ada ya kufungulia maombi, tukaandikiana karatasi ndogo kwamba sijanunua chochote bado. Wenzangu ghalani walinicheka: mwaka mzima kungojea gari bovu! Lakini siku tulipokamilisha, msimamizi alianzisha uhamisho katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, mimi nikakubali upande wangu, na jina langu likaingia bila mtu kunung'unika. Ndugu wote walikuwapo siku hiyo, hata yule mdogo aliyetoka Nakuru.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujafungua boneti uliza mambo manne. Logibuku ipo? Jina lililomo ni la nani, na yu hai? Namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa ndizo zilizopigwa kwenye gari? Na namba ya usajili inalingana? Magari haya mengi yana namba za zamani, zile zisizo na herufi mwishoni, zilizotolewa kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwaka 1989. Namba hiyo ni sehemu ya thamani ya gari. Injini ikiwa imebadilishwa bila kuandikishwa, kazi hiyo ya kuandikisha itakuwa yako, tena utatakiwa ueleze injini hiyo imetoka wapi.

Sumaku mfukoni

Mgeni hukimbilia injini. Anataka kuisikia ikinguruma. Mafundi wa zamani wanasema kinyume chake, na nimewaamini: injini ya 504 inarekebishika, bodi iliyooza ndiyo itakayokufilisi. Injini hii ya petroli ina slivu zinazotolewa na kurudishwa. Silinda zikichakaa, fundi hutoa slivu na pistoni za zamani akatia seti mpya, bila kuchonga bloku. Bati halina seti mpya.

Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Ipitishe polepole juu ya bodi. Inaponata, pana bati. Inapoteleza, pana pati iliyopakwa juu ya tundu na kupigwa rangi. Kwenye 504 tazama vizingiti chini ya milango, matao ya magurudumu, sakafu chini ya miguu ya dereva, shimo la gurudumu la akiba, na chini ya kioo cha mbele pale majani na maji yanapokaa. Muhimu kupita yote ni mahali shokabzoba za mbele zinaposhika bodi kwa juu, ndani ya boneti. Hapo pakioza gari si salama, hata liking'aa vipi. Inua zulia. Muuzaji akikataa usiinue zulia, kunywa chai yako uage.

Gari la Mwalimu lilikuwa limeoza sehemu mbili: sakafu upande wa dereva, ambako viatu vya matope viliingia kwa miaka 20, na kona moja ya buti. Vizingiti vilikuwa vizima. Shokabzoba zilikaa penye bati safi. Hapo nikajua ninachonunua.

Injini nayo ina dalili zake. Iombe ikiwa baridi. Muuzaji akikukaribisha gari likiwa tayari limewashwa na limepata moto, jiulize anaficha nini. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utelezi mweupe kama tui la nazi, huenda maji yanaingia kwenye oili. Ng'oa plagi uzitazame rangi. Zangu zilikuwa za kahawia isiyokolea, safi kabisa, nikafurahi. Furaha hiyo ilikuwa ya Boito. Nitaeleza.

Kuteremka

Gari lililosimama kwa miaka haliendeshwi siku ya kununuliwa. Nilikaa siku nne. Fundi wa jua kali wa huko alibadilisha paipu za mpira za breki, mipira ya masta silinda na mafuta ya breki yote. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na yakizeeka huchemka pale pale unapoyahitaji. Tukasafisha tangi la petroli, tukatia betri, mikanda na matairi.

Juu ya matairi nina neno. Zile za gari zilikuwa na kashata nzuri, zinaonekana mpya. Lakini ubavuni mwa tairi huwa pameandikwa tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2312 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata usipotembea. Nilinunua nne mpya, na bima ya lazima ya watu wengine, kabla sijagusa lami.

Tukashuka na rafiki yangu dereva, kupitia Bomet, Narok na Mai Mahiu. Siku ya kwanza gari lilikwenda kama bibi arusi. Hata mlima wa kutoka Mai Mahiu ulipita, jioni, kwa upole, gia ya pili. Tukalala Nairobi. Siku ya pili, baada ya Mtito Andei, mambo yakaanza kugeuka. Tulipofika Voi jua la saa saba likiwa utosini, nikikanyaga mafuta injini inagonga, kama misumari ndani ya mkebe, na mshale wa joto unapanda. Tuliegesha chini ya mti hadi alasiri, kisha tukatambaa. Tuliingia Miritini saa nne usiku, mbele ya kile kiwanda. Nilikuwa nimepanga kupiga picha hapo. Sikuipiga. Nilikuwa natazama mshale.

Hewa ya juu na hewa ya chini

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kabureta huchanganya petroli na hewa. Petroli hupita kwenye tundu dogo linaloitwa jeti, na ukubwa wa tundu hilo haubadiliki wenyewe. Lakini hewa hubadilika. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja katika tano ukilinganisha na ya baharini. Gari lililopimwa kwa hewa ya pwani likipandishwa huko, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, plagi nyeusi, nguvu zimekwisha. Fundi hodari wa milimani hutia jeti ndogo zaidi. Pia huisogeza taimingi, cheche ije mapema kidogo, ili injini ipate nguvu. Ndiyo maana plagi za Mwalimu zilikuwa safi vile. Fundi wake alijua kazi.

Sasa likishushwa hewa inakuwa nzito tena, petroli ni ile kidogo ya milimani, na cheche bado inakuja mapema. Mchanganyiko mkavu wa petroli kidogo huwaka kwa moto mkali, na injini hugonga. Juu ya hilo weka joto la Tsavo, na rejeta ambayo nusu ya mirija yake imezibwa na kutu. Boito hakuna aliyejua kwamba rejeta imeziba, maana baridi ya asubuhi na safari fupi za shuleni na sokoni haziioneshi.

Kulikuwa na la tatu. Feni ya 504 haizunguki wakati wote. Ina klachi ya sumaku ya umeme ambayo huishika maji yakipata moto. Burashi inayopeleka umeme huo ilikuwa imelika hadi mwisho. Feni haikushika hata siku moja katika safari yetu yote, na kule juu haikuwa imehitajika.

Haya yote nimeyaelewa baadaye. Kwanza nilifanya kosa langu kubwa. Nililipeleka gari gereji moja hapa mjini, sitaitaja, nikaambiwa kwa uhakika: "Toa themostati, pwani haina kazi." Wakaitoa, nikalipa, nikaenda zangu. Ni imani iliyoenea, lakini themostati si adui. Huiacha injini ipate moto wake unaofaa, na katika injini nyingi ndiyo inayoelekeza maji yapite kwenye rejeta badala ya njia ya mkato. Ugonjwa ulikuwa rejeta, feni, jeti na taimingi, na hakuna hata kimoja kilichoguswa. Wiki mbili baadaye, kwenye foleni ya Makupa, mvuke ulitoka. Hedi ya injini hii ni ya alumini, na alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda. Gasketi ilikwenda, hedi ikapelekwa kusawazishwa. Gharama yake ilikaribia nusu ya bei niliyonunulia gari.

Aliyeniokoa ni fundi mzee wa Majengo. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Gari limetoka wapi?" Nilipomwambia Boito, akacheka, akaenda kutafuta jeti.

Niliyobadilisha na niliyoyaacha

Neno "kuboresha" linawapeleka vijana kwenye rimu na rangi. Mzee wangu alinipangia utaratibu mwingine, na naupitisha kama ulivyo: kwanza kusimama, kisha kupoa, kisha umeme, mwisho urembo.

Kusimama: breki zote upya, paipu za chuma zilizooza kutolewa, mikanda ya usalama mipya kwa kila kiti. Mikanda ya zamani imelika, na ilitengenezwa kabla ya barabara zetu kujaa namna hii.

Kupoa: rejeta ilitiwa mirija mipya, themostati ikarudi, burashi ya feni ikabadilishwa, na maji ya bomba yakapisha kulanti, kwa kuwa maji matupu hula alumini kutoka ndani. Nikaongeza feni ndogo ya umeme mbele ya rejeta kwa ajili ya foleni. Haionekani ila ukiinama. Jeti za usawa wa bahari zikatiwa na taimingi ikarudishwa. Siku hiyo ndipo nilipoijua 504. Hewa nzito ya pwani ikipewa petroli yake, injini hupata nguvu ambayo Boito haikuwahi kuiona.

Umeme: pointi za distributa zikatolewa, nikatia mfumo wa elektroniki unaokaa ndani ya kifuniko kile kile. Pointi huhitaji kusafishwa na kupimwa kila mara, nao unyevu wetu huzila. Taa za mbele zikapewa relei, ili umeme usipite wote kwenye swichi ya miaka 40. Zikang'aa mara moja, na swichi haipati moto tena. Fyuzi mpya zikaongezwa. Magari ya kale mengi huungua kwa nyaya, si kwa injini.

Nilishawishiwa sana kutoa injini na kutia ya Toyota. Simlaumu anayefanya hivyo. Spea zake zi kila duka, na mwenye kutafuta riziki kwa gari ana hesabu zake. Lakini hiyo inataka vishikio vipya, gia nyingine, kuandikisha injini mpya NTSA, na mwisho wake una ganda la Peugeot tu. Kanuni niliyoifuata ni hii: badilisha kinachokuua au kinachokulaza njiani, na kila ulichokitoa kiweke kwenye sanduku. Pointi zangu za zamani, burashi, hata jeti za Boito, ninazo. Nikipanda tena huko nitazihitaji.

Ukitaka kuona wengine wanavyotunza, nenda siku moja kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance jijini Nairobi, au usimame njiani mbio za Safari Classic, zilizoanza 2003, zikipita pwani. Utaona kwamba gari linaloheshimiwa ni lile lililobaki kuwa lenyewe.

Chumvi

Gari sasa liko mikononi mwa adui mpya. Bati lililovumilia mvua ya Konoin miaka yote halijawahi kuonja upepo wa bahari. Nililifungua chini, nikakata sakafu iliyooza ikashonwa bati jipya, kutu ikakwanguliwa, rangi ya kuzuia kutu ikapakwa, na nta ya maji ikapuliziwa ndani ya vizingiti na milango, sehemu ambazo jicho halifiki. Matundu ya kutolea maji chini ya milango nayazibua kila mwezi kwa waya. Kila Jumamosi naliosha chini kwa maji baridi yasiyo chumvi. Siliendeshi ufukweni kwa picha, hata nikibembelezwa na maharusi. Na sipaki oili chafu chini ya gari kama wengi wanavyofanya. Huharibu mipira, hukusanya vumbi, na vumbi hilo hushika chumvi.

Rangi ndiyo iliyokuja mwisho, na bado haijaisha. Upande wa kushoto una mkwaruzo mrefu wa lango la shule. Nimeuacha.

Hesabu ya mwisho: bei ilikuwa 190,000. Hadi leo nimetumia zaidi ya 230,000 kulifikisha lilipo, bila kuhesabu nauli na ule mwaka wa kusubiri. Hilo nalisema wazi kwa sababu wauzaji hawalisemi. Kama una fedha 200,000, tafuta gari la 90,000, au subiri. Fedha za gari la kale zigawe mafungu matatu kabla hujapanda basi: la bei, la karatasi na la matengenezo. Fungu la tatu lisiwe dogo kuliko la kwanza. Na kampuni nyingi haziyapendi magari ya umri huu kwa bima kamili, kwa hivyo usiingize humo fedha ambazo ukizikosa kesho watoto watalala njaa.

Mwezi uliopita yule binti wa Mwalimu alikuja Mombasa kwa semina. Nilimchukua stesheni ya Miritini. Alikaa kiti cha nyuma, upande aliokuwa akikaa utotoni, akanyamaza hadi tulipofika Changamwe. Kisha akauliza kama taa ya ndani bado huzimika mlango ukibamizwa. Nikamwambia hiyo nimeirekebisha. Akasema, "Baba angefurahi," halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kushika logibuku kidoleni, "Na karatasi ziko sawa."

Ziko sawa, dada.